Mafuta na Gesi Asilia: Swali la Akiba, Swali la Mtaji

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu mustakabali wa mafuta umeendeshwa na swali moja, nalo ni lini mafuta yatakwisha. Swali lenyewe lina mantiki, kwa kuwa mafuta na gesi asilia viliundwa ardhini kwa mamilioni ya miaka na pipa lililochomwa leo haliwezi kurudishwa. Lakini mwenendo wa soko katika nusu karne iliyopita hauonyeshi hata tukio moja kubwa ambapo bei ilipanda kwa sababu ardhi iliishiwa. Bei ilipanda mwaka 1973 kwa sababu nchi za Kiarabu ziliwanyima mafuta waungaji mkono wa Israeli, ikapanda tena 1979 na 1980 kwa sababu ya mapinduzi ya Iran na vita vyake na Iraq, ikapanda kati ya 2004 na 2008 kwa sababu China iliongeza matumizi kwa kasi ambayo wawekezaji wa miaka ya 1990 hawakuitarajia, na ikapanda 2022 kwa sababu Urusi iliivamia Ukraine. Katika nyakati zote hizo mafuta yalikuwepo ardhini. Kilichokosekana ni visima vilivyo tayari, njia salama ya kuyafikisha sokoni, au nia ya kuyauza. Kwa hiyo anayetaka kukadiria ugavi na bei za miongo miwili au mitatu ijayo hana budi kuanza na mtaji, yaani nani atakubali kuzika mabilioni ya dola katika visima ambavyo vitaanza kulipa baada ya miaka mingi, katika soko ambalo ukubwa wake wa baadaye unabishaniwa hata na wale ambao kazi yao ni kuukadiria.

Akiba zenyewe zinahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa tarakimu zake hutajwa ovyo. Wataalamu husema “akiba zilizothibitishwa” wakimaanisha si mafuta yote yaliyomo ardhini, bali sehemu inayoweza kutolewa kwa faida kwa bei na teknolojia ya wakati uliopo. Kwa maana hiyo akiba hupanda bei inapopanda na hushuka inaposhuka, ingawa mwamba haujabadilika hata kidogo. Mwaka 1980 akiba za dunia zilikadiriwa kuwa chini ya mapipa bilioni 700, kila pipa likiwa na takriban lita 159. Tangu hapo dunia imekwisha kutumia zaidi ya mapipa trilioni moja, na bado akiba zinazotajwa sasa ni karibu trilioni 1.7. Ukigawanya kiasi hicho kwa matumizi ya sasa, ambayo yamepita mapipa milioni 100 kwa siku, unapata chini kidogo ya miaka 50, na hesabu kama hiyo ilipofanywa 1980 ilitoa takriban miaka 30. Hesabu hiyo basi haisemi mafuta yatakwisha lini. Inasema tu kwamba kampuni hazina sababu ya kugharimia uthibitishaji wa mafuta ambayo hazitayauza kwa nusu karne. Venezuela ni kielelezo kizuri cha akiba zisizogeuka kuwa uzalishaji, kwani inatajwa kuwa na akiba kubwa kuliko nchi yoyote, zaidi ya mapipa bilioni 300, ilhali mwaka 2024 uzalishaji wake ulikuwa chini ya mapipa milioni moja kwa siku, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake katika ukanda wa Orinoco ni mazito mno, na mtaji, mitambo na wataalamu wa kuyatoa vilikwisha kuondoka.

Aliyewafanya wengi waamini kwamba ukomo uko karibu alikuwa M. King Hubbert, mwanajiolojia wa kampuni ya Shell, ambaye mwaka 1956 alitabiri kwamba uzalishaji wa Marekani ungefikia kilele kati ya 1965 na 1970 kisha uanze kushuka. Kilele kilifika 1970, na kwa zaidi ya miaka 30 utabiri huo ulichukuliwa kama sheria ya maumbile, hasa uzalishaji wa nchi hiyo ulipoporomoka hadi takriban mapipa milioni tano kwa siku mwaka 2008, mwaka ambao mwezi Julai bei iligusa dola 147 kwa pipa. Kisha wachimbaji wa Texas na Dakota Kaskazini wakaunganisha mbinu mbili ambazo kila moja ilikuwa imejulikana zamani, yaani kuchimba kisima kinachoshuka wima kisha kikalala ndani ya tabaka la mwamba, na kuupasua mwamba huo kwa maji yenye shinikizo kubwa yaliyochanganywa na mchanga na kemikali, ili mafuta yaliyonaswa katika mwamba usiopitisha kitu yapate mianya ya kutokea. Kufikia 2024 Marekani ilikuwa inatoa zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, kiasi ambacho hakuna nchi yoyote iliyowahi kukifikia. Hubbert hakukosea kuhusu visima alivyovijua. Alichokosa ni kwamba bei kubwa hubadilisha aina ya visima vinavyostahili kuchimbwa.

Hata hivyo haitoshi kuwacheka waliotabiri uhaba, kwa sababu ndani ya hofu yao mlikuwa na jambo la kweli ambalo halijaondoka, nalo ni uchakavu wa visima. Shinikizo linalosukuma mafuta juu hupungua kadiri yanavyotolewa, na kisima kisichohudumiwa hutoa kidogo zaidi kila mwaka. Cantarell, eneo kuu la visima vya Mexico katika Ghuba ya Campeche, lilifika kilele cha zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku mwaka 2004, na ndani ya miaka michache lilikuwa limepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, likawaacha wapangaji wa bajeti ya nchi hiyo wakitafuta fedha mahali pengine. Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza ilifika kilele 1999 na haikurudi. Duniani kote sehemu kubwa ya fedha zinazowekezwa katika uchimbaji haziongezi hata pipa moja juu ya ugavi uliopo, bali huziba pengo linaloachwa na visima vinavyozeeka, kwa mfano wa mtu anayemimina maji katika mtungi unaovuja ili kina kisishuke. Kwa sababu hiyo kusitisha uwekezaji hakuleti kushuka kwa taratibu kunakolingana na kushuka kwa mahitaji. Mafuta ya miamba migumu ya Marekani ndiyo yanayoongoza kwa uvujaji huo, kwani kisima chake kwa kawaida hupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji katika mwaka wa kwanza.

Pamoja na udhaifu huo, visima hivyo vya Marekani vimebadilisha mwendo wa soko. Mradi wa bahari kuu huchukua miaka mingi kutoka ugunduzi hadi pipa la kwanza. Guyana, iliyogundua mafuta 2015 na kuanza kuyatoa mwishoni mwa 2019, husifiwa kuwa imekwenda mbio. Kisima cha Texas huamuliwa, huchimbwa na huanza kutoa mafuta ndani ya miezi, na huachwa kwa haraka hiyohiyo bei inapokuwa mbaya. Wachimbaji wengi wa huko huhitaji takriban dola 60 hadi 65 kwa pipa ili kisima kipya kiwalipe, na kiwango hicho kimekuwa namna ya sakafu ya soko, ingawa ni sakafu laini: bei inaweza kukaa chini yake kwa mwaka mzima kabla uzalishaji haujapungua kiasi cha kuiinua. Katika robo ya kwanza ya 2016 bei ilianguka chini ya dola 30, na tarehe 20 Aprili 2020, wakati janga la korona lilipokuwa limesimamisha ndege na magari na matangi ya kuhifadhia yamejaa, mkataba wa mafuta ya Texas ulifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta alimlipa mwenzake ili amwondolee mzigo.

Mishtuko ya namna hiyo hutokana na tabia moja ya bidhaa hii. Mwenye lori haachi kusafirisha mzigo kwa sababu dizeli imepanda asilimia 20, wala mwenye kisima hafungi bomba kwa sababu bei imeshuka asilimia 20, kwa kuwa gharama kubwa alikwisha kuilipa wakati wa kuchimba. Pande zote mbili zikiwa hazisogei kwa haraka, ziada ndogo au upungufu mdogo hutosha kuivuruga bei: kati ya Juni 2014 na Januari 2015 bei ilishuka kutoka dola 115 hadi chini ya 50, ilhali ziada iliyokuwapo ilikuwa ya asilimia chache tu za matumizi ya dunia. Jumuiya ya nchi zinazouza mafuta kwa wingi, OPEC, iliyoundwa Baghdad mwezi Septemba 1960, imejaribu kuituliza hali hiyo kwa kupunguza na kuongeza mgawo wa wanachama, na tangu mwishoni mwa 2016 imeshirikiana na Urusi na wazalishaji wengine. Uwezo wake una mpaka, na mpaka huo ulionekana wazi katika miaka ya 1980. Ili kuilinda bei iliyokuwa imekaribia dola 40, Saudi Arabia ilipunguza uzalishaji wake kutoka takriban mapipa milioni kumi kwa siku hadi chini ya milioni nne mwaka 1985, ikagundua kwamba inayatunza masoko ya wengine, ikafungua mabomba, na mwaka uliofuata bei ikaporomoka hadi karibu dola kumi.

Somo la kipindi hicho ambalo husahaulika ni lile la upande wa wanunuzi. Mwaka 1973 karibu robo ya umeme wa dunia ulizalishwa kwa kuchoma mafuta. Ufaransa ikajenga vinu vya nyuklia, Japani ikageukia gesi na makaa ya mawe, na sehemu ya mafuta katika umeme wa dunia sasa haifiki asilimia tatu. Bei ilipoanguka 1986 wateja hao hawakurudi, kwa sababu mitambo mipya ilikuwa imekwisha kujengwa na kulipiwa. Leo betri inafanya katika usafiri kile ambacho nyuklia na makaa ya mawe vilifanya katika umeme. Mwaka 2024 magari ya umeme, yakiwemo yale yenye injini ya ziada ya petroli, yaliuzwa takriban milioni 17, yaani zaidi ya gari moja katika kila magari mapya matano, na nchini China yalikaribia nusu ya mauzo. Ethiopia, isiyo na mafuta lakini yenye umeme wa maji, ilizuia mwaka huohuo uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, hatua iliyochochewa na uhaba wa fedha za kigeni zaidi ya mapenzi ya mazingira. Zamani bei kubwa iliwasukuma wanunuzi kutafuta mafuta ya mwingine. Sasa inawasukuma kutoka katika soko lenyewe, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya mzunguko ujao wa bei na ile iliyotangulia.

Kwa vyovyote vile, ndege, meli, malori ya masafa marefu na viwanda vya plastiki havina mbadala wa haraka, na ndiyo sababu makadirio ya taasisi kubwa yameachana kabisa. Shirika la Kimataifa la Nishati lenye makao yake Paris lilisema 2021 kwamba, kama dunia inataka kufikia uwiano sifuri wa hewa ukaa, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa, ifikapo 2050, hapahitajiki visima vipya zaidi ya vile vilivyokwisha kuidhinishwa, na 2023 likaeleza kwamba kwa sera zilizopo matumizi ya mafuta yangefika kilele kabla ya 2030. OPEC nayo mwaka 2024 ilikadiria kwamba matumizi yangefika mapipa milioni 120 kwa siku ifikapo 2050. Msomaji hapaswi kuchagua upande kana kwamba ni mechi ya watani wa jadi, kwa sababu kila taasisi inatumikia wenyewe: ya kwanza iliundwa 1974 na nchi zinazonunua, ya pili ni ya wanaouza. Jambo zito zaidi ni tofauti yenyewe. Kampuni inayotakiwa kuwekeza kwa miaka 25 inaambiwa kwamba mwisho wa kipindi hicho soko litakuwa limekua au litakuwa limesinyaa sana, na kwa mkopeshaji hali hiyo inamaanisha riba kubwa na miradi mifupi.

Kutokana na hayo inawezekana kusema jambo la uhakika kiasi kuhusu bei ya mafuta, ingawa si tarakimu. Wanaotarajia bei ipande daima kwa sababu mafuta ni haba wanafuata nadharia iliyoandikwa 1931 na mwanauchumi Harold Hotelling, kwamba thamani ya mali isiyojirudia hukua sambamba na riba, nadharia nzuri kwenye karatasi ambayo soko halikuiheshimu. Wanaotarajia bei ianguke moja kwa moja kwa sababu betri zimekuja wanausahau ule mtungi unaovuja. Linaloelekea kutokea ni kupishana kwa vipindi vya uhaba, pale uwekezaji utakapokuwa umepungua kabla mahitaji hayajapungua, na vipindi vya ziada, pale nchi zenye gharama ndogo zitakapoamua kuuza mapema kuliko kubaki na mali isiyo na mnunuzi. Aramco ya Saudi Arabia ilipouza hisa 2019 ilitangaza kwamba kutoa pipa moja kunaigharimu chini ya dola tatu. Wa mwisho kutoka sokoni atakuwa yeye na majirani zake wa Ghuba, si wa Bahari ya Kaskazini wala wa mchanga wa lami wa Kanada. Kadiri soko litakavyosinyaa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mafuta yatakayobaki itakavyopita katika mlango wa bahari wa Hormuz, kati ya Iran na rasi ya Musandam ya Oman, ambako mwaka 2024 ilipita karibu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani. Soko dogo basi halimaanishi soko tulivu.

Gesi asilia ina hadithi yake, na kuiunganisha na mafuta kwa kiungo “na” huficha tofauti kubwa. Mafuta ni kimiminika, hupakiwa melini na kuuzwa popote, hivyo bei yake ni moja duniani kote ukiondoa nauli. Gesi husafiri kwa bomba, na bomba humfunga muuzaji kwa mnunuzi. Njia kuu ya kuivusha bahari bila bomba ni kuipoza hadi takriban nyuzi 160 chini ya sifuri, hapo hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua mara 600, kisha hurudishwa kuwa gesi katika bandari ya mnunuzi. Shehena ya kwanza ya kibiashara ya aina hiyo ilitoka Algeria kwenda Uingereza mwaka 1964. Kwa kuwa mtambo wa kusindika hugharimu mabilioni ya dola, benki hazikukopesha bila mikataba ya miaka 20 au zaidi, na kwa kukosa soko la gesi lenyewe bei ilifungwa kwenye bei ya mafuta. Mpaka leo gesi ina bei kadhaa: ya Marekani, inayopimwa kwenye makutano ya mabomba huko Louisiana, ya Ulaya, inayopimwa Uholanzi, na ya Asia Mashariki.

Umbali kati ya bei hizo ulionekana 2022. Urusi ilipopunguza gesi ya mabomba, Ulaya iliyozoea kulipa karibu euro 20 kwa megawati-saa ilijikuta mwezi Agosti ikilipa zaidi ya euro 300, ikazivuta meli zilizokuwa zikielekea Asia, na Pakistan, isiyoweza kushindana kwa bei hiyo, ikaingia gizani kwa mgawo wa umeme. Kilichofuata ni funzo kwa wauzaji: Wapakistani waliagiza paneli za jua kwa wingi kiasi kwamba miaka michache baadaye nchi hiyo ilikuwa ikiiomba Qatar iahirishe shehena ilizokuwa imezinunua kwa mkataba. Wakati huohuo Marekani, iliyoanza kuuza gesi ya shehena kutoka Sabine Pass mwaka 2016, ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote ifikapo 2023, na Qatar iliamua kupanua uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi milioni 142 ifikapo 2030. Mitambo hiyo ikikamilika pamoja, ugavi utakua kwa kasi kuliko wakati wowote, na muuzaji mpya atakayefika nyuma yao atakuta wanunuzi wanaochagua.

Muuzaji mpya huyo ni pamoja na Afrika Mashariki. Tanzania inakadiriwa kuwa na gesi ya futi za ujazo trilioni 57.54, nyingi yake chini ya bahari kuu mkabala na Lindi na Mtwara, iliyogunduliwa tangu 2010. Mradi wa kuisindika Lindi, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42, umekuwa mezani zaidi ya muongo mmoja, na Januari 2021 Equinor ya Norway ilifuta katika vitabu vyake thamani ya karibu dola bilioni moja iliyokuwa imeuhesabia. Msumbiji ilitangulia kuamua, lakini shambulio la Palma la Machi 2021 lilisimamisha mradi mkubwa wa nchi kavu, na meli-kiwanda iliyoko baharini ndiyo iliyoanza kuuza Novemba 2022. Uganda iligundua mafuta 2006 na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatiwa saini 2022, miaka 16 baadaye, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo lazima lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Ziwa Albert yana nta na huganda yakipoa. Bomba la namna hiyo lina gharama isiyopungua hata mapipa yakipungua, nayo hukatwa kwenye bei kabla serikali haijahesabu mapato yake.

Kwa upande wa ununuzi eneo hili linabaki pale lilipo, likiagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwa dola. Mwaka 2022 serikali ya Tanzania ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili kupunguza makali, na Kenya mwaka uliofuata iliingia makubaliano ya kununua kwa mkopo kutoka kampuni za Ghuba kwa sababu dola zilikuwa adimu. Wengi husahau kwamba hata gesi ya mitungi inayopikia majumbani si ile ya Songo Songo, bali ni zao jingine linaloagizwa kwa meli na kufuata bei ya nje. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay huenda kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi, viwandani, na siku hizi kwenye bajaji na teksi za Dar es Salaam, ambazo madereva wake huvumilia foleni za vituo vya kujazia kwa kuwa gharama ya siku hupungua sana wakilinganisha na petroli. Gesi hiyo huuzwa kwa bei ya mikataba ya ndani na haikurukaruka ile ya Ulaya iliporukaruka. Ya bahari kuu haitakuwa na kinga hiyo: mtambo wa Lindi ukiidhinishwa ndani ya muongo huu utauza shehena yake ya kwanza katikati ya miaka ya 2030, na mkataba wa miaka 20 utaufikisha kwenye miaka ya 2050, wakati ambapo Japani na Umoja wa Ulaya zimeahidi kuwa zimefikia uwiano sifuri wa hewa ukaa. Vifungu vinavyostahili kubishaniwa sasa, kabla ya saini, ni kiasi cha gesi kitakachobaki nchini, bei yake, na nani atabeba hasara mnunuzi wa mwaka 2045 akiomba shehena iahirishwe kama Pakistan ilivyofanya.